Kilomita Themanini Bila Mguu

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amenidunga unyayo wa kulia kwa kijiti mara tisa. Nilihisi mara nne. Nilimwambia sita.

Akanitaka nitembee kwa visigino. Kushoto vizuri. Kulia — unyayo ukaanguka chini, pa, kama kitabu kilichomponyoka mtu. Amesema kuna neva inabanwa kwenye pingili za chini za mgongo. Vidonge, mazoezi, huenda upasuaji. Kisha akauliza kama naendesha gari. Nikasema kidogo. Kidogo ni kiasi gani? Nikasema Jumamosi. Hakucheka. Ameniandikia barua: nisishike usukani mpaka anione tena wiki ya tatu ya Aprili.

Barua nimeipeleka kazini. Nina miaka thelathini na moja katika masjala, najua pa kuweka karatasi usiyotaka ionekane. Nimeifungulia jalada jipya. Kichwa cha jalada: Mambo Mengineyo.

Mwalimu aliuliza daktari kasemaje. (Ni mke wangu, ila mtaa mzima unamwita Mwalimu na mimi nimefuata mtaa.) Nikamwambia, mgongo wa mtu mzima. Akasema hilo alikuwa analijua bila kupanga foleni.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa mama. Kilomita mia na arobaini kwenda, mia na arobaini kurudi. Jumamosi moja naenda, moja napumzika, tangu dada yangu mdogo alipomchukua mama kwake. Mwaka wa pili huu.

Mama hajui tena jina langu. Lakini akisikia gari linaingia anatoka na mkoba wake, anajiketisha kiti cha mbele, anavuta mkanda mwenyewe, anasema: "Dereva, twende." Tunakwenda hadi kwenye matangi ya maji nje ya mji, tunageuza, tunarudi. Dakika arobaini. Dada anasema ndizo dakika pekee ambazo mama haombi kupelekwa kwao. Wiki ile nyingine ameniambia mimi ni mtu wa kuaminika. Alipokuwa ananijua kama mwanawe hakuwahi kunisifu hivyo.

Leo mguu ulikufa ganzi kabla ya nusu ya safari. Ilinibidi nitazame chini nijue uko wapi. Kwenye tuta la kabla ya soko niliondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta. Niliamini nimeuondoa. Gari likaruka tuta kama mbuzi, muuza mifagio akabaki kashika mifagio yake kifuani.

Uani kwa dada nimegonga pipa la maji. Nikasema pipa limewekwa vibaya. Dada akasema pipa liko pale tangu nyumba ijengwe.

"Leo dereva una haraka," mama akasema.

"Samahani, mama."

Akaniambia nisimwite mama. Tuko kazini, tuheshimiane.

Jumatano, 12 Machi

Dereva wa mkurugenzi huja kunywa chai masjala kwa sababu birika letu linafanya kazi. Leo kaeleza gari jipya la bosi. Lina kitu kinaitwa kruzi. Unafika kasi unayotaka, unabonyeza, unaondoa mguu. Gari linashika mwendo lenyewe mpaka uguse breki. Mkurugenzi akisinzia, yeye anavua kiatu.

Nikauliza kama kitu hicho kinaweza kufungwa kwenye gari la zamani. La zamani kiasi gani? Miaka ishirini na sita, nikasema. Ilibidi aweke kikombe chini ili acheke vizuri. Alipomaliza akasema yupo fundi wa umeme nyuma ya duka la matairi, mwanamke, wanamwita Fyuzi. Aliwahi kufunga kamera ya kurudi nyuma kwenye trekta. Kama yeye akishindwa, basi.

Unaondoa mguu. Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Nimerudisha majalada mawili kwenye rafu isiyo yake, na hiyo haijatokea tangu niajiriwe.

Ijumaa, 14 Machi

Fyuzi. Miaka thelathini na kitu, ovaroli mikono imefungwa kiunoni, miwani ya kusomea inaning'inia kwa kamba ya kiatu. Alifungua boneti akachungulia kwa muda unaotosha kumtia mtu wasiwasi.

"Gari lako halina akili, mzee," akasema. "Hiyo ni bahati yako. Lenye akili lingekataa kuguswa."

Maana yake: mafuta yanavutwa kwa kebo, si kwa kompyuta. Kwa hiyo kunaweza kufungwa mota ndogo pembeni, nayo ikavuta kebo hiyohiyo badala ya mguu. Anacho chombo kizima, alikitoa kwenye gari dogo la mizigo lililopondeka nyuma. Kina sanduku lake la kuamrisha, kina mkono wa vitufe wa kufunga kwenye usukani. Kitabu cha maelekezo kipo, kimeandikwa kwa herufi ambazo hakuna anayezijua pale uani. Michoro inatosha, akasema.

Akanieleza mambo mawili nisiyasahau. La kwanza, sanduku lazima lijue kasi, kwa hiyo anagundisha sumaku mbili kwenye shafti inayozungusha magurudumu, na kando yake kitu cha kuzihesabu zikipita. La pili, kuna waya unaokwenda kwenye breki na mwingine kwenye klachi. Ukigusa chochote kati ya hivyo, mota inaachia papo hapo.

"Breki ndiyo uhai wake," akasema. "Hayo mengine yote ni raha tu."

Kisha akauliza kwa nini nataka. Nikasema kuokoa mafuta. Akanitazama juu ya miwani, akasema sawa.

Jumapili, 16 Machi

Mwalimu kauliza gari liko wapi. Kwa fundi. Lina nini? Linaongezewa kifaa. Kifaa gani? Cha kuokoa mafuta.

Anafundisha hesabu darasa la saba. Alitaka kujua kitaokoa lita ngapi kwa kila kilomita mia. Nikasema inategemea. Akasema jibu la "inategemea" huwa analipatia sifuri lakini kwa kuwa ni Jumapili atanipa nusu.

Kwake gari hili ni mke mwenza. Juzi alisema mwenzake ananunuliwa hereni uzeeni na yeye anaangaliwa tu. Alisema bila hasira, akiwa anasahihisha madaftari. Lakini aliponipita alitazama chini, karibu na miguu yangu, kisha akaenda zake.

Jumatano, 19 Machi

Baada ya kazi nilipitia kwa Fyuzi. Alikuwa amelala chali chini ya gari, miguu tu inaonekana, anaongea na shafti. Sumaku zimegundishwa. Aliosha mahali pake kwa petroli mara tatu kwanza, kwa sababu gundi haishiki kwenye mafuta ya miaka ishirini na sita.

Nimeshika tochi. Ametoboa tundu kwenye bati linalotenga injini na miguu ya dereva. Sauti ya drili kwenye gari lako mwenyewe ni sauti mbaya. Nikamwuliza kama kweli hakukuwa na tundu la zamani la kupitishia waya. Akasema lilikuwepo, limejaa. Redio, king'ora cha wezi, taa ya ukungu, na waya mmoja ambao hauendi popote. Nikamwambia huo niliuweka mimi. Hakuuliza zaidi.

Mota imekaa karibu na betri, nyeusi, ukubwa wa kopo la maziwa. Nimeishika. Imara.

Ijumaa, 21 Machi

Fyuzi kasema gari halitatoka kesho. Swichi ya klachi haipo kabisa, imewahi kuibiwa au kuanguka, anatafuta nyingine. Bila hiyo nikikanyaga klachi huku kruzi inavuta, injini itapiga kelele hadi ipasuke.

Kesho ni Jumamosi ya mama.

Jumamosi, 22 Machi

Dada kapiga simu saa nane mchana. Mama amekaa langoni na mkoba tangu saa mbili asubuhi. Chakula kapelekewa hapohapo, hakugusa. Kila anayepita anamwambia dereva wake hajawahi kuchelewa, lazima kuna jambo.

Nikaomba kuongea naye.

"Nani mwenzangu?"

"Dereva."

Nikasikia kuku wa dada. Kisha mama akasema, kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mtoto wa jirani, kwamba dereva hapigi simu. Dereva anakuja.

Jumapili, 23 Machi

Nimekwenda kwa basi.

Mama alinipokea vizuri. Alinikaribisha kiti, akamwambia dada aniletee maji. Akauliza nimetoka mbali? Nikasema kiasi. Akauliza hali za nyumbani. Nikasema salama. Akauliza kama huko njiani nimekutana na dereva wake — mtu mrefu, mkimya, ana gari la rangi ya chai ya maziwa. Nikasema sikumwona.

"Ukimwona mwambie sijakasirika."

Nilikaa saa mbili. Tulizungumza kama wageni wawili kwenye chumba cha kusubiria. Alipochoka aliniaga kwa mkono. Dada alinisindikiza kituoni, akasema, kaka, mbona unaburuza mguu. Nikasema kiatu.

Jumanne, 25 Machi

Swichi ya klachi imepatikana. Kila kitu kimeunganishwa. Kruzi imekataa.

Gari lilikuwa juu ya stendi, magurudumu ya nyuma hewani. Fyuzi anaweka gia, anaongeza hadi sitini, anabonyeza. Hakuna. Anabonyeza. Hakuna. Alipima kila waya kwa kimashine chake. Saa nzima na nusu. Mimi nilikuwa nasema "labda fyuzi" mpaka akaniomba nikanunue soda.

Niliporudi alikuwa amesimama nyuma ya gari na miwani puani, anaangalia taa za breki.

"Mzee, hizi balbu ulibadilisha lini?"

Mwaka jana. Zile za kisasa, za vidoti, zinawaka kama jua. Nilizichagua mwenyewe na nilizionea fahari. Kumbe sanduku hili ni la zamani: huwa linachungulia kupitia balbu za breki kuhakikisha breki ipo, na kwenye balbu za kisasa halioni kitu. Halioni breki, halifanyi kazi. Akachomoa zangu, akatia mbili za kawaida, njano, hafifu.

Akabonyeza. Mota ikalia kidogo, mmm, kebo ikajivuta yenyewe. Akaondoa mguu. Magurudumu yakaendelea sitini palepale. Tumekwenda kilomita kumi na mbili bila kuondoka uani.

Kila alipogusa breki kidogo tu, kwa kidole gumba cha mguu, ilizimika.

"Haliwashi mpaka lijue breki iko," akasema. "Lina adabu kuliko watu."

Ijumaa, 28 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Saa kumi alasiri, barabara ya maghala, tupu. Mimi usukanini, Fyuzi pembeni. Nilipanda hadi themanini. Nikabonyeza. Nikaondoa mguu.

Gari likaendelea. Kuna kilima kidogo pale penye uzio wa kiwanda cha magodoro. Lilipofika liliongeza nguvu lenyewe, taratibu, kama mtu anayekusukuma mgongoni kwa heshima. Mguu wangu ulikuwa chini, umelala. Haukudaiwa kitu. Nadhani nilikuwa natabasamu kwa sababu Fyuzi alisema, "Umefurahi, mzee." Nilimjibu kwamba naweza kufika popote. Nilimaanisha kwa mama.

Akasema: "Haya. Sasa breki."

Nikakanyaga. Gari likaendelea themanini.

"Breki, mzee."

"Nimekanyaga."

Na nilikuwa na uhakika. Ningeapa. Nilikuwa nakanyaga kwa nguvu zangu zote. Akatazama chini, na mimi nikatazama. Unyayo ulikuwa kando ya pedeli, unakandamiza kapeti.

Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono akazima kwenye kitufe. Akasema: klachi, mguu wa kushoto, shusha gia, tena, tena. Breki ya mkono polepole. Tulisimama kando ya uzio wa magodoro. Mlinzi wa getini alitutazama, akarudi kwenye gazeti lake.

"Toka tubadilishane."

Akaendesha yeye kurudi. Uani akaniketisha tena usukanini, injini imezimwa, akaniambia nifumbe macho niweke mguu kwenye breki. Mara tatu. Ya kwanza niliweka kwenye breki. Ya pili kwenye mafuta. Ya tatu hakuna aliyejua niliweka wapi, ilikuwa hewani.

Akainama chini ya dashibodi akachomoa fyuzi ya kruzi, akaitia mfuko wa kifua, akaufunga kifungo.

"Kifaa hakina kosa," akasema. "Siku ukija na mguu, nakurudishia. Au ukija na dereva."

Nikamwambia dereva ni mimi.

Akasema, haya. Akaenda kunawa mikono.

Nilirudisha gari nyumbani kwa gia ya pili, kwa njia za ndani, nikishika breki ya mkono njia nzima. Fyuzi hakuniona nikitoka. Au aliona.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekasirika. Mteja ni mimi, gari ni langu, fyuzi ni yangu.

Fyuzi nyingine inapatikana duka lolote la vipuri. Ni ndogo kuliko kidonge. Muuzaji aliniuliza nataka moja tu? Nikasema moja tu.

Jumatano, 2 Aprili

Nimebuni njia. Nikihitaji breki, nazima kwanza kwa kitufe. Kisha nashika suruali juu ya goti kwa mkono wa kulia, nanyanyua mguu mzima, nauweka juu ya pedeli, nausukuma kwa goti. Ndani ya gereji nimefanya mara thelathini. Mara ishirini na sita sawa.

Ishirini na sita kati ya thelathini. Mwalimu angesema ni alama nzuri. Sijamwuliza.

Alikuja mlangoni wakati nafanya mara ya ishirini na kitu. Akasimama na ndoo. Nikasema nakagua kiti. Akasema kiti kinaonekana kimekaguliwa.

Alhamisi, 3 Aprili

Dada kauliza kama Jumamosi nakuja. Mama ameanza kulala na mkoba.

Nimesema nakuja.

Jumamosi, 5 Aprili. Asubuhi

Saa kumi na mbili nimeshuka, gari limeoga, fyuzi mahali pake. Mwalimu yuko ndani ya gari. Kiti cha mbele. Nguo ya safari, kikapu miguuni.

Nikauliza unakwenda wapi. Akasema kwa mama mkwe. Ni mwaka wa pili hajaenda, mimi ndiye niliyekuwa namwambia apumzike. Nikasema njia ni ndefu. Akasema anaijua, aliolewa kupitia njia hiyo.

Hakuna la kufanya. Naandika hapa gereji nikisingizia kutafuta miwani. Iko usoni.

Siku hiyohiyo. Nyumbani kwa dada, ukumbini

Herufi mbaya, naandikia gotini.

Tulipotoka nje ya mji nikapanda themanini, nikabonyeza. Ikashika. Mguu chini. Mwalimu akatazama mguu, akatazama kasi, akatazama mguu.

"Hii ndiyo inaokoa mafuta?"

"Ndiyo."

Akafungua kikapu akamenya chungwa. Kilomita sabini hivi tulikwenda kwa amani kuliko miaka mingi. Alinilisha vipande viwili. Nikaanza kufikiri kwamba huenda nitaweza, kwamba huenda daktari huwaandikia wote barua ileile.

Kisha lori la mbao. Lilitoka njia ya pembeni mbele yetu, zito, linavuta moshi, halina haraka. Nikazima kwa kitufe. Gari likapunguza, si kwa kiasi cha lori. Nikashika suruali. Nikanyanyua. Mguu ukakwama chini ya pedeli, kiatu kimeshika ukingo. Nikautazama. Yaani niliacha barabara nikatazama mguu. Nikanyanyua tena, nikauweka, nikasukuma. Tulisimama nyuma ya mbao, pamebaki nafasi ya kupita mtu mmoja, mwembamba.

Mwalimu alikuwa na kipande cha chungwa mkononi. Akakila. Lori likaondoka.

"Egesha pale."

Nikaegesha. Akashuka, akazunguka, akafungua mlango wangu.

"Toka."

Nilianza kusema kuhusu leseni yake. Hajaendesha miaka kumi na moja, tangu nilipomwambia anaziumiza gia. Akasema leseni iko kwenye pochi, anaihuisha kila inapokwisha. Ni kama cheti cha ndoa, akasema, hata kama hutumii hutupi.

Nikakaa upande wake. Gari likazimika mara tatu. Kisha likaondoka. Alikwenda gia ya tatu sehemu yote iliyobaki, injini inalia, malori yanatupita, na mimi sikusema neno kuhusu gia. Baada ya muda yeye ndiye aliyesema.

Tangu Januari, akasema. Kiatu cha kulia kinaisha mbele, cha kushoto hakiishi. Yeye ndiye anayevipeleka kwa fundi viatu, nilidhani vinakwenda vyenyewe? Mguu unaanguka ngazini, anausikia akiwa jikoni. Alikuwa anangoja nimwambie. Mwezi wa kwanza alingoja kwa upendo. Wa pili kwa hasira. Tangu hapo alikuwa anangoja aone tu nitafika wapi.

"Daktari kasemaje?"

Nikamwambia. Sita, nne, tisa, barua, jalada, vyote. Lori, aliliona mwenyewe.

"Na ungekuwa na mama yako ndani?"

Hakuwa anauliza.

Tulifika saa nne. Mama alikuwa langoni na mkoba. Alipoliona gari uso wake ukafunguka kabisa, sijui neno jingine. Nikateremka upande wa abiria. Akanipita. Akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu, aliyekuwa bado ananyoosha mgongo mlangoni kwa dereva, akamshika mikono yote miwili.

"Dereva. Nilijua kuna jambo. Twende."

Nimeingia ndani kunywa maji. Nimekaa ukumbini kidogo. Kumbe wakati wote huo dereva alikuwa ni yeyote anayetokea mlango ule.

Dada ananiita. Mama anasema gari haliondoki bila watu wote kuingia.

Siku hiyohiyo. Kiti cha nyuma

Sijawahi kukaa hapa. Miaka ishirini na sita, sijui kiti cha nyuma kikoje. Chemchemi moja imetoka. Mikono yangu haina kazi ndiyo maana naandika. Gari linatembea, herufi zinaruka.

Mwalimu gia ya tatu. Mama mbele, mkoba mapajani, mkanda kavuta mwenyewe. Anamwonyesha vitu: duka, kanisa la bati, mti uliokatwa. Mimi hajawahi kunionyesha kitu. Anamwambia Mwalimu kwamba anaendesha vizuri kuliko yule wa zamani. Yule alikuwa na haraka, akasema, lakini mtu mwema. Mwalimu kanitazama kwenye kioo. Nimetazama nje.

Tumefika kwenye matangi ya maji. Mwalimu anageuza. Inachukua muda, anageuza kwa vipande, kama mtu anayekunja shuka peke yake. Ndipo mama akaniona. Kageuka mwili mzima, mkanda umemkaza shingoni, ananitazama.

"Huyu wa nyuma tunampeleka wapi?"

"Hospitali, mama," kasema Mwalimu. "Jumatatu. Ana mguu."

Mama hakumkataza kumwita mama. Amenitazama mguu. Akaniambia nisiogope, nitapona, dereva huyu ni mzuri. Nikasema ahsante. Kisha akapunguza sauti, kama watu wanavyofanya mbele ya mgonjwa, akamwuliza Mwalimu kama mimi nina mama.

Mwalimu amesimamisha gari pembeni. Bila kishindo, klachi vizuri, breki vizuri. Injini inaendelea. Ameweka mikono yote miwili juu ya usukani na bado hajajibu. Mama anangoja. Sasa wananitazama wote wawili kwenye kioo, nami nafunga daftari nimjibu mwenyewe.